Mbwa wa pili ili wa kwanza apate kampani: nimchukue au niache?

Mlinzi wa Ua

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa wanaofuga mbwa zaidi ya mmoja.

Nina mbwa jike, chotara, miaka minne, kilo 22, ameshafungwa kizazi. Analala ndani na ana ua wenye uzio. Siku za kazi anabaki peke yake asubuhi hadi jioni. Majirani wanasema nikishatoka tu anaanza kulia, na mlango wa mbele ameuparua hadi mbao zimechanika. Nikiwepo ametulia kabisa. Njiani akikutana na mbwa wengine, baadhi anacheza nao, baadhi anawabwekea.

Nafikiria kumletea mwenzake. Kuna mtoto dume wa wiki nane, na kuna dume mkubwa wa miaka mitatu anayetafutiwa nyumba. Je, mwenzake ataondoa kilio hiki? Yupi anafaa? Na nikiamua, niwakutanishe vipi wasiumizane?

Nyayo Nne

Mkuu, tuanze na kilio, maana jibu lake ndilo litaamua hayo mengine. Mbwa anayelia mara tu unapotoka, na kuparua mlango ule ule uliotokea wewe, mara nyingi hakosi mbwa mwenzake, anamkosa mtu wake. Ukimletea mwenzake unaweza kuishia na wawili wanaolia, kwa kuwa mgeni akimwona mwenyeji anahangaika naye huanza kuhangaika.

Acha simu ya zamani irekodi saa nzima ya kwanza baada ya kuondoka. Hofu ya kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa: anahema ilhali hakuna joto, udenda unamtoka, anazunguka kati ya mlango na dirisha, na kipande cha nyama ulichomwachia hakigusi mpaka urudi. Mbwa anayesumbuliwa na kukosa shughuli huwa na sura nyingine. Analala kwanza, anaamka baadaye, anakula ulichoacha, kisha anatafuna chochote kilicho karibu, kiatu, mto au ndoo. Huyo ndiye anayeweza kunufaika na mwenzake, ingawa hata yeye mara nyingi hutulia kwa matembezi marefu zaidi asubuhi na chakula kilichofichwa sehemu mbalimbali akitafute kwa pua.

Kabla ya kuchukua mbwa wa kudumu, azima. Tafuta mbwa wa rafiki aliyechanjwa, ambaye wako anampenda tayari, alale kwako siku mbili tatu. Watenganishe kwa kigeti cha ndani ili waonane bila kugusana, toka kwa muda mfupi, kisha tazama video. Kama kilio ni kile kile na mwenzake yupo hapo pembeni, umeshapata jibu bila kumwingiza mnyama mwingine kwenye tatizo.

Tiba ya hofu hiyo ni mazoezi ya kutoka. Chukua funguo, ukae. Vaa viatu, ukae. Fungua mlango, funga ukiwa bado ndani. Asipojali tena, toka sekunde tano, kumi, tatu, ishirini, nane. Changanya muda ili asijifunze kwamba kila ukitoka utachelewa zaidi ya mara iliyopita. Rudi kabla hajaanza kuhangaika. Panapoharibika ni pale mwenye mbwa anapofikisha dakika tano jioni, halafu kesho yake anamwacha kutwa nzima. Yote yanafutika. Kwa kipindi chote cha mazoezi lazima apatikane mtu wa kukaa naye, au umpeleke kwa mtu. Akifikia kujivunja makucha au meno, nenda kwa daktari wa mifugo. Zipo dawa za kushusha hofu ambazo hufanya mazoezi yashike. Dawa za usingizi za binadamu usimpe hata kidogo.

Mama Bobi

Nakubaliana na Nyayo Nne, ila nijibu swali la yupi, ukishapita kipimo hicho.

Huyo wa wiki nane muondoe kwenye hesabu, ndugu yangu. Mtoto wa umri huo mchana hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili tatu, anakula mara tatu hadi nne kwa siku, na kipindi chake cha kuzoea watu, sauti na wanyama kinakaribia kufungwa akifika wiki 12 hadi 14. Ukimwacha kutwa nzima na mbwa mwenye hofu, ndiye atakayemlea, na atamfundisha hofu. Jambo jingine ambalo watu hawalitarajii: mbwa mkubwa humvumilia mtoto sana mwanzoni, akimng'ang'ania masikio anamwacha. Uvumilivu huo hupungua mtoto akifika miezi minne au mitano. Hapo ndipo ugomvi wa kwanza huzuka, na mwenye nyumba anashangaa kwa sababu "walikuwa wanapendana".

Dume wa miaka mitatu ana faida moja kubwa: tabia yake imeshakomaa, unaiona ilivyo. Dume na jike ndio mchanganyiko wenye ugomvi mdogo. Majike wawili wa nyumba moja wakishakosana kweli, mara nyingi hawasuluhishiki, na majeraha yao huwa mabaya. Muulize anayemtunza sasa: anakulaje akiwa na mbwa wengine? Amewahi kumng'ata mbwa, na je, jeraha lilihitaji kushonwa? Anapenda kucheza kwa kukimbizana au kwa kupigana mieleka? Wako akiwa anapenda kukimbizwa na huyu anapenda kuparamia na kugonga kwa kifua, watachokana. Uzito nao uwe karibu. Mmoja akiwa na uzito mara mbili ya mwenzake, hata mchezo wa kawaida unaweza kuvunja mguu.

Wako kwa kuwa ameshafungwa kizazi, mimba si tatizo. Kwa wasomaji wengine wenye jike ambaye hajafungwa kizazi: joto, yaani kipindi cha kutaka dume, hudumu kama wiki tatu, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na dume aliyehasiwa juzi bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa kwa sababu mbegu zilizokwisha kutengenezwa bado zimo. Watenganishwe kwa milango miwili, si kamba.

Na wale wanaoshawishiwa kuchukua ndugu wawili wa uzao mmoja "ili wasiwe wapweke", tafadhali fikirieni tena. Kila mmoja anahitaji kufundishwa, kutembezwa na kulala mbali na mwenzake kila siku, la sivyo wanashikamana wao kwa wao na kutengana hata dakika kumi kunawatia kiwewe.

Kiboko ya Kupe

Upande wa afya nitakuwa mfupi. Mgeni yeyote akae wiki mbili mahali pake, vyombo vyake, ua wake kama inawezekana. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kutapisha mbwa, kwa kawaida huonekana siku tatu hadi saba baada ya kuambukizwa, lakini inaweza kufika hata siku 14. Kirusi chake hukaa kwenye udongo miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikiui. Sakafu isafishwe kwanza uchafu wote utoke, ndipo ipigwe dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu 30, iachwe na unyevu dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Ukimwaga klorini juu ya kinyesi umepoteza dawa, kwa sababu uchafu huila nguvu yake.

Kabla hajafika hakikisha chanjo ya wako haijapitwa na wakati, ikiwemo ya kichaa cha mbwa. Mgeni apewe dawa ya minyoo na ya kupe na viroboto siku ya kwanza, na wako apewe siku hiyo hiyo. Ukimtibu mmoja, viroboto wanahamia kwa mwingine, na pamoja nao minyoo ya tegu, maana mbwa akimeza kiroboto mwenye kiluwiluwi cha tegu anaipata. Dozi zote zipimwe kwa uzito wa kila mbwa. Kugawanya kidonge cha mbwa mkubwa kwa kukisia ndiko kunakoleta sumu au dawa isiyofanya kazi. Dawa yoyote iliyoandikwa ni ya mbwa peke yake iwe mbali na paka: permethrini, dawa ya kuua wadudu iliyomo kwenye baadhi yake, inaweza kumuua.

Taratibu

Kuwakutanisha. Wiki mbili za karantini zikiisha, wakutane nje ya kwako, mahali ambapo hakuna anayepaona kuwa pake. Watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, kamba ya mita mbili iliyolegea. Hili la kulegea ni muhimu kuliko yote, kwa sababu kamba ikikazwa humwinua mbwa kifua na kichwa, na mwenzake anamwona kama anayekuja kwa shari.

Tembeeni sambamba, mita kumi kati yenu, upande mmoja, bila kuwaelekeza uso kwa uso. Wakianza kunusa ardhi na kuangalia kwingine, sogeeni hadi mita tano, kisha mbili. Dakika 20 zinatosha kwa siku ya kwanza. Baadaye mmoja apite nyuma ya mwingine anuse makalio, hesabu sekunde tatu, mwite kwa sauti ya furaha, endeleeni kutembea. Kunusana kwa muda mrefu mno ndiko mara nyingi huishia kwenye ugomvi.

Unachotazama ni mwili. Mgongo laini, mdomo wazi, kuinama mbele makalio juu, kubadilishana nani anakimbizwa: vizuri. Mwili uliokakamaa, mdomo uliofungwa ghafla, weupe wa jicho kuonekana, mkia ulioinuka kama mti, mmoja kuweka kidevu juu ya mabega ya mwenzake: waite mara moja, ongezeni umbali. Mkia kutikisika peke yake si dalili ya furaha.

Nyumbani, kabla hawajaingia, ondoa mifupa, midoli, mabakuli na matandiko. Waingie wakitokea matembezini, mgeni atangulie ndani na mwenyeji afuate, ili asiwe mlangoni akilinda. Kigeti cha ndani kibaki wiki kadhaa. Wasiachwe pamoja bila mtu mpaka umeona wiki nne mfululizo bila hata mkwaruzano mdogo. Chakula ni vyumba tofauti, mlango umefungwa, na mabakuli yanaondolewa kabla ya kufungua. Maji yawe sehemu mbili au tatu, kwani mmoja anaweza kulilinda bakuli moja kimyakimya kwa kulala mbele yake.

Mbwa akinguruma usimkemee. Ngurumo ni onyo. Ukiiondoa kwa kipigo, hofu inabaki na onyo halipo, na siku nyingine atang'ata bila taarifa.

Wakishikana, usitie mkono kwenye shingo zao, wengi wanang'atwa hapo. Mwaga ndoo ya maji, tupa blanketi juu yao, au sukuma ubao kati yao. Kama mko wawili na hawajang'ang'aniana kwa meno, kila mtu ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, juu ya goti, mrudi nyuma kwa pamoja kwa mduara. Mtu mmoja akivuta peke yake, mbwa aliyeshikwa anageuzwa mlengwa. Kisha kila mmoja chumba chake hadi kesho yake, na tafuta matundu ya meno chini ya manyoya. Tundu dogo la nje huficha usaha ndani.

Mlinzi wa Ua

Shukrani wakuu. Nimerekodi: alianza kuhema kabla sijafunga geti, na nyama hakuigusa. Mtoto nimemkataa. Swali la mwisho: nikianza mazoezi ya kutoka, huyo dume asubiri kwanza au niyafanye yote kwa pamoja?

Nyayo Nne

Asubiri, mkuu. Mbwa mgeni huvuruga kila kitu mwanzoni, hutajua wako anahangaika kwa sababu yako au kwa sababu ya mgeni. Mfikishe kwanza mahali anapokaa peke yake saa moja na nusu akiwa amelala; wengi wakivuka hapo, muda unaobaki huongezeka kwa haraka. Wakati huo anza kumtembelea huyo dume na kutembea nao sambamba kila wiki, ukimchukua awe si mgeni kabisa. Na mwambie anayemtunza ukweli, kwamba inaweza kuchukua miezi, ili akipata nyumba nyingine nzuri asimzuie kwa ajili yako.