Naomba ushauri: nawezaje kukataa kazi za wenzangu bila kujenga chuki?

Habari zenu wakuu. Nafanya kazi ofisi ya umma hapa Dodoma, Mji wa Serikali, Mtumba. Tangu niajiriwe, kusema hapana kunanishinda. Mwenzangu akiomba nimwandalie slaidi, naandaa. Kaka mmoja akipata udhuru, dokezo lake naandika mimi. Bunge la bajeti likianza Aprili ndiyo balaa, natoka usiku nikiwa nimemaliza kazi za watu, zangu bado.

Kinachoniumiza ni PEPMIS, ule mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Kule napimwa kwa majukumu yangu mwenyewe, na hayo ndiyo yanayochelewa. Msaada wote ninaotoa hauna pa kujazwa. Wenzangu wanasonga mbele, mimi nasifiwa upole tu.

Nimelelewa Kondoa, mkubwa akikutuma unakwenda, na heshima hiyo naipenda, sitaki kuipoteza. Ila nataka kukua kikazi.

Mliopita hapa, mlianzaje? Kwa mtu aliyenizidi umri na cheo lakini si msimamizi wangu, mnatumia maneno gani hasa? Na je, nimweleze msimamizi wangu kwanza, au itaonekana nawachongea wenzangu?