Kutoboa marumaru ngumu za ukutani: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma, Gungu. Wiki iliyopita nilitaka kufunga kabati la kioo bafuni. Nikaiweka drili kwenye alama ya nyundo, ile ya kugonga huku inazunguka, kama ninavyotoboa ukuta wa tofali za kuchoma siku zote. Haikupita muda, "ta!", ufa ukakimbia kutoka kwenye tundu hadi pembeni. Nimezunguka mjini hadi Mwanga, rangi ile haipo tena. Imeniuma, maana mke wangu ndiye aliyezichagua.

Fundi niliyemwita alianza kwa kugonga kila marumaru kwa kifundo cha kidole. Nyingi zililia "ti ti". Ile iliyopasuka ililia "ko ko". Kumbe aliyezibandika aliweka madonge ya saruji kwenye pembe tu, katikati pakabaki wazi. Hapo nyundo ikigonga hakuna cha kuishikilia.

Akabandika tepu ya karatasi, akatia alama, akachukua drili ya betri na biti (ncha ya kutobolea) ya daimondi yenye mdomo wazi kama bomba. Aliiinamisha kwanza, ikala alama ya mwezi mchanga, ndipo akaisimamisha polepole. Mimi nadondoshea maji kwa chupa, uji mweupe unatiririka. Mwisho kikatoka kisahani cha marumaru, duara safi. Nyundo aliiwasha alipofika kwenye tofali, tena kwa biti nyingine nyembamba kuliko tundu.

Nanyi mlifanyaje?

*Wa Ujiji:* Pole sana mkuu. Jikoni kwangu ni seramiki, biti yenye ncha ya mkuki ilitosha. Bafuni ni poseleni, ile ngumu zaidi. Biti ileile ilizunguka mpaka ikawa nyekundu, marumaru haina hata mkwaruzo. Usilazimishe kwa kifua, utaichoma bure.

*Mama wa Katubuka:* Mimi tundu lilitoka zuri, nikaharibu kwenye plagi, ile ya plastiki ya kushikia skurubu ukutani. Niliiacha usawa na uso wa marumaru. Nilipokaza skurubu plagi ikatanuka mlemle ndani, asubuhi nakuta ufa. Sasa naisukuma kwa msumari mpaka izame yote kwenye tofali.

*Mwenye mada:* Asante dada, hilo la plagi sikulijua. Jumamosi natoboa tundu la bomba la nusu inchi. Aliyewahi kupitisha bomba kwenye poseleni alitumia biti ya ukubwa gani?