Tumelipa 2,500 Malindi kuonja "mvinyo wa kienyeji", tukapewa siki iliyopigwa jua

Waungwana, kabla hamjaniambia nipunguze jazba, someni hadi mwisho. Jina la tamasha silitaji, wala la walioliandaa. Waliokuwepo Jumamosi ile wanajua nasema nini, na waandaaji wanajijua.

Tangazo lilisema mvinyo wa kienyeji, ufuoni, na muziki na vyakula vya Pwani. Tiketi shilingi 2,500 kwa kichwa, ndani yake kuponi 6 za kuonja. Tukachangishana tukaenda kundi zima: wenzangu wa kazini, shemeji yangu, na rafiki yetu wa Tanga aliyevuka mpaka wa Lungalunga makusudi kwa ajili ya mnazi wa Kigiriama, yaani tembo la mnazi, tunaomsifia kila tukikutana.

Sasa nionyesheni huo ukienyeji. Vibanda vya mbele, vyenye hema jeupe na barafu ya kumwaga, vyote ni mvinyo wa Italia na Afrika Kusini. Kila kibanda kina kijana wa tai anayekueleza zabibu zimetoka kilima gani na glasi uishike vipi. Nikauliza, wa Kenya uko wapi? Akanijibu, "Wa Kenya kama upi, bosi?" Zabibu zinalimwa Naivasha, zinalimwa Yatta, na kwa jirani Dodoma huvunwa mara 2 kwa mwaka. Chupa moja tu ya huko ingewashinda kuileta? Na Kilifi hii yetu, msimu wa maembe yanaoza chini ya miembe kuanzia Magarini, mabibo yanaliwa na nzi chini ya mikanju. Hakuna aliyepata wazo la kumtafuta hata mama mmoja anayejua kuyachachusha.

Kienyeji chote kilikuwa kibanda kimoja cha mnazi. Nacho kimesukumwa nyuma kabisa, jirani na vyoo vya kukodi, bila turubai, na jua la kaskazi mnalijua.

Hapo ndipo damu ilinichemka, kwa sababu mnazi si soda. Mnazi haungoji. Mgema anapanda asubuhi, anakata kipande chembamba kwenye ncha ya karara, lile ua la mnazi ambalo halijafunguka, kwa kotama, kile kisu cha mgema, utomvu unadondoka kwenye kibuyu, na tangu pale juu mtini umeshaanza kuchacha wenyewe, bila kutiwa hamira wala chochote. Ukishushwa asubuhi ni mtamu, mtu asiyezoea anaweza kudhani ni maji ya madafu yaliyotiwa sukari. Mchana umeshapata makali. Kesho yake ni mwingine kabisa, na ukiuacha siku kadhaa unakuwa siki, ile ile ya kutilia achari. Kila mtoto aliyekulia karibu na mangwe, kule mnazi unakouzwa na kunywewa, anayajua haya. Anayeandaa tamasha la kuonja asiyajue?

Nikamuuliza kijana wa kibandani, "Kaka, huu umegemwa lini?"

"Huu freshi kabisa, ulikuja Alhamisi."

Alhamisi! Jumamosi mchana! Na kwa vile ulikuwa umeshakuwa mkali wa kukunja uso, wakauzimua kwa maji na sukari ili wageni waumudu. Sukari yenyewe haikuyeyuka, tuliikuta chini ya kikombe. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hata hatukupata nafasi ya kumsifu, maji yalikuwa yameshatangulia. Kikombe chenyewe cha plastiki, cha kutupa, kidogo kama cha dawa ya kikohozi. Mboko, kile kibuyu cha kunywea, hakuna, mrija hakuna. Rafiki yetu wa Tanga alionja, akanyamaza, akauliza kwa adabu kama ndio huu tunaousifia.

Halafu kuna zile chupa. Walikuwa wanauza mnazi wa kubeba nyumbani, chupa za plastiki zilizokazwa vizibo, zimepangwa juani. Kitu kinachochacha kinatoa hewa, na hewa isipopata pa kutokea inapasua. Ndiyo maana mtu wa mangwe huacha kizibo kikiwa kimelegea. Shemeji alipogusa tu kizibo, ile chupa ikafyatuka, povu likamvaa kuanzia usoni hadi kwenye gauni alilolishonesha kwa siku hiyo. Kijana wa kibanda akacheka. Akamwambia, "Pole mama, ndiyo raha ya tembo." Kitambaa cha kujifutia, hakuna. Tukatoa leso zetu. Na chupa wakadai imeshafunguliwa, lazima ilipwe, shilingi 400!

Kingine, na hiki ndicho kinaniuma kuliko gauni. Mgema alikuwepo. Mzee wa makamo ya baba yangu, amevalishwa shuka, kotama kiunoni, akiambiwa apande mnazi ulio pembeni ya jukwaa kila watalii wakijikusanya na kamera. Anapanda, anapunga mkono, anashuka. Nikamsogelea nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini mnazi wake haumo kibandani. Akasema, "Mwanangu, hawa wamenilipa nipande, hawakunilipa nigeme." Wa kwake wa asubuhi ile aliuleta, wakamwambia hauna lebo. Ulikuwa kwenye kibuyu nyuma ya spika, amejiwekea wa kutulizia kiu. Akatumiminia. Rafiki yetu wa Tanga hakuongea mpaka kibuyu kilipobaki na machicha, na nauli yake ya kuja angalau haikupotea yote.

Kwa hiyo msiniambie mnazi mzuri haukupatikana. Ulikuwepo hatua chache kutoka jukwaani. Na wale wanaosema mnazi ni wa kulewea vichochoroni, hauna hadhi ya kuelezwa kama mvinyo, wamuulize Mgiriama kama mahari yanazungumzwa bila huo. Mwenye shamba anayeutoa mti ugemwe anajua anakosa nazi kwenye makarara yale, kwa hiyo ni gharama yake pia. Na mgema anahatarisha shingo asubuhi na jioni. Haya yote yangetosha kumpa mtu darasa zuri la nusu saa, tena bila tai.

La saa nalo nilitaje, ingawa najua nitaudhi watu. Chini ya ile sheria ya vileo ya 2010 tuliyozoea kuiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, baa za kawaida wikendi ni kuanzia saa 8 mchana. Mama wa mangwe akimimina kikombe saa 5 asubuhi anatafuta pa kukimbilia. Hawa walikuwa wanamimina tangu saa 4. Labda walikuwa na kibali maalum, sawa. Basi wangekitumia hicho kibali kumwita yule mama naye auze kwa amani siku moja.

Chakula sina neno. Mishkaki na viazi karai vilikuwa vizuri, kwa vile vilipikwa na akina mama wa mtaani.

Ninachotaka ni hela za kuponi. Tulizitumia mbili mbili tu, zilizobaki tunazo mkononi. Na gharama ya dobi wa gauni la shemeji.

NYONGEZA: Nimepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wa upande wa waandaaji, baada ya kuona uzi huu umesambaa. Anasema mnazi ulichelewa njiani. Njiani kutoka wapi, wakati minazi imeuzunguka uwanja wote? Anasema pia tumpe nafasi atutengenezee vocha ya kuingia bure mwaka ujao. Vocha sitaki. Siku ya kununua tiketi hamkupokea vocha, mlipokea M-Pesa, na namba yangu mnayo maana ndiyo mliyonipigia.