Sekunde 215 za Saybolt ni VG ngapi? Presi ya mkonge inalia

Fundi wa Korona, Muheza
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi kwenye shamba la mkonge, nashughulikia korona (mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge), brashi na presi ya marobota. Presi yetu ni ya zamani, imetoka Marekani, na kitabu chake kimechanika nusu. Kwenye oili ya haidroliki umebaki mstari mmoja tu: 215 SUS, 100 °F. Dukani hiyo SUS hawaijui, wana oili za daraja la VG 32, 46, 68 na 220. Nikaona 215 na 220 zimepishana kidogo, nikajaza tangi zima 220. Tangu Jumatatu pampu inalia asubuhi kama inasaga kokoto, na presi inapanda polepole mpaka wafungaji wanakaa chini kusubiri. Jua likiwa kali inapata nafuu. Halafu karatasi moja ya oili imeandikwa mm²/s, nyingine cSt, nyingine cP. Nieleweshe­ni kabla sijaua pampu.

Dada wa Maabara
Kaka, zima mashine kwanza. cSt (sentistoki, kipimo cha mnato, yaani oili inavyokawia kutiririka) na mm²/s ni kitu kimoja, namba haibadiliki hata kidogo. Stoki moja ni cSt 100. Ukitaka kwa mita, cSt 46 ni 0.000046 m²/s. cP (sentipoisi) ndiyo yenye habari nyingine: ukiigawa kwa densiti ya oili ndipo unapata cSt. Oili ya cSt 46 yenye densiti 0.87 inasoma cP 40 hivi, mradi vipimo vyote vimechukuliwa kwenye joto moja.

Kijana wa Chumbageni
Gawa SUS kwa 4.63 umemaliza. 215 ÷ 4.63 = 46.4.

Mzee wa Injini, Mombasa
Fundi, pole sana, na umefanya vyema kuuliza mapema. Nimekaa vyumba vya injini za meli miaka mingi, na kosa hili nimeliona kwa macho yangu.

Ile 215 SUS ni sekunde za Saybolt. Kifaa cha Saybolt ni kopo lenye tundu dogo chini: unapasha oili mpaka nyuzi 100 za Farenhaiti, yaani 37.8 za Selsiasi, unaifungulia, unahesabu sekunde mpaka mililita 60 zijae kwenye chupa. Oili nzito hukawia, nyepesi huwahi. VG nayo ni cSt kwenye nyuzi 40 za Selsiasi. Umelinganisha saa na uzito wa oili.

Hesabu yake, sekunde zikizidi 100: zidisha sekunde kwa 0.220, kisha toa 135 uliyoigawa kwa sekunde zile zile. Kwako: 215 × 0.220 = 47.3. Halafu 135 ÷ 215 = 0.63. Jibu ni cSt 46.7 kwenye 37.8. Ikifika 40 itashuka kidogo, na VG 46 inaruhusiwa kuanzia 41.4 hadi 50.6. Kwa hiyo oili yako ni VG 46. Hiyo 220 uliyotia ni kama sekunde 1,000, karibu mara tano. Asubuhi pampu haiwezi kuivuta, viputo vinazaliwa ndani na kupasuka, hizo ndizo kokoto unazosikia. Vinakula chuma.

Mwanangu wa Chumbageni, 4.63 inafaa kwa oili nzito. Jaribu sekunde 40: utapata 8.6, na ukweli ni cSt 4 na kidogo. Usiwape watu njia hiyo bila kuwaambia mpaka wake.

Na joto liandikwe siku zote. Mafuta mazito ya meli tuliyoyaita sekunde 3,500 za Redwood (kifaa kingine kama cha Saybolt) kwenye nyuzi 100 za Farenhaiti ndiyo yaleyale yanayoitwa leo 380, yaani cSt kwenye nyuzi 50 za Selsiasi. Mafuta ni yaleyale, ila tundu lilikuwa lingine na joto lingine.

Toa oili yote, na ile ya kwenye silinda na mipira ya kupitishia oili pia. Badilisha filta. Tena soma pipa: 220 ya madukani mara nyingi ni ya giaboksi, dawa zake si za pampu ya haidroliki.

Fundi wa Korona, Muheza
Shikamoo mzee. Pipa ni la giaboksi kweli, nimeona leo. Jana tumemwaga yote, tumeweka filta mpya na VG 46. Leo saa moja asubuhi nimewasha, mlio umeisha, na robota la kwanza limefungwa bila mtu kusubiri. Nimeandika kwa rangi nyeupe ubavuni mwa tangi: VG 46, cSt 46 kwa 40 °C. Jumamosi nafungua pampu niangalie imelika kiasi gani.