Zebaki ndiyo elementi ninayoipenda kuliko zote. Je, ipigwe marufuku machimboni?

Mwanzisha mada (mwalimu wa kemia, Kanda ya Ziwa)

Wadau, salaam. Kila mwaka tukifika kwenye jedwali la elementi huwauliza wanafunzi wangu: wewe unaipenda ipi? Wengi hukimbilia dhahabu, na huku kwetu sishangai. Wapo wa heliamu, tangu itangazwe mwaka 2016 kwamba ipo Rukwa. Binti mmoja alitaja kalsiamu kwa sababu ndiyo mifupa yake. Jibu langu halijawahi kubadilika: zebaki, namba 80.

Nilikuwa na miaka kumi na minne kipimajoto kilipopasuka maabara. Vitone vikatawanyika mezani, vikakimbizana, na vilipokutana vikaungana tena bila kuacha unyevu popote. Metali inayotiririka! Lita moja ina uzito wa kilo 13 na nusu, hata msumari wa chuma huelea juu yake. Jina lake la Kigiriki, lenye maana ya maji ya fedha, ndilo lililozaa alama Hg. Tuliikusanya viganjani na hakuna mkubwa aliyetukataza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wachimbaji wadogo nao wanaipenda, na sababu yao ni kemia tupu: inaikamata dhahabu. Mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ikishasagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na kuoshwa, zebaki inakandwa ndani ya karai na kuzoa hata chembe ambazo jicho halizioni. Unakamua kwa kitambaa, unabaki na donge jeupe, unalichoma. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu zaidi ya 2,800. Moja inaondoka, nyingine inabaki. Lakini inayoondoka inavutwa na aliyeshika moto, pamoja na mtoto aliyebebwa mgongoni. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Unaingia kwenye ubongo na figo, mikono inaanza kutetemeka.

Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 iligundulika kwamba watu wanaugua ugonjwa uliokuja kubainika kuwa sumu ya zebaki iliyopitia kwenye samaki, ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia 2020. Mkataba huo haumkatazi mchimbaji mdogo zebaki. Unataka ipunguzwe na, inapowezekana, ikomeshwe. Neno "inapowezekana" ndilo ninalolipinga. Iwekwe tarehe, na baada ya hapo zebaki ya machimboni isiingie nchini. Nipingeni.

Mchimbaji, Geita

Mwalimu, heshima yako. Mimi siipendi kwa kung'aa kwake. Naipenda kwa sababu nikichoma leo, jioni nina hela. Nina vijana kumi na wawili kwenye duara, shimo letu la kuchimbia, na wote wanakula kila siku. Ukiniambia nihamie kwenye sainaidi, ile kemikali nyingine ya kutolea dhahabu, hayo ni matenki, kaboni, vibali na mtaji wa kusubiri siku nyingi. Nani atanikopesha?

Tangu soko la dhahabu lifunguliwe hapa mwaka 2019, tumezoea kuuza mchana kweupe. Pigeni marufuku zebaki, itapita njia za panya, bei itapanda, na sisi tutarudi kujificha.

Mama wa mwaloni

Wanangu, mnabishania mipaka na tarehe. Mimi naosha mchanga wa dhahabu hapa mwaloni, penye kuoshea, miaka tisa sasa. Nilikuwa nachomea jikoni, maana nje kuna macho ya watu. Jiko lilelile la uji. Mimba yangu ya tatu yote niliibeba hivyo, na hapana mtu aliyefika mwaloni kunieleza. Niliposikia, nilishasimama hapo mara ngapi! Kabla ya hiyo tarehe yenu, aje mtu kesho asubuhi aseme kuchomea ndani ni mwiko, na aseme kwa lugha tunayoielewa.

Kijana wa jiolojia

Kaka mchimbaji, hiyo zebaki yako inakupunja. Mara nyingi inakamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo kwenye mbale. Nyingine inabaki kwenye marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kuosha, na mwenye matenki anakuja kuitoa kwa sainaidi. Tena hapo ndipo pabaya zaidi, maana sainaidi huiyeyusha ile zebaki iliyobaki kwenye marudio, na ikiwa kwenye maji inasafiri kirahisi. Ufilipino, eneo la Benguet, wachimbaji wadogo huosha vizuri kwanza kisha huyeyusha dhahabu kwa moto na boraksi, aina ya chumvi, bila zebaki kabisa. Si kila mbale inafaa kwa njia hiyo, lakini pa kuanzia papo.

Mwanzisha mada

Mama, nimekusoma mara tatu. Nakubali nilianza na bandarini wakati nilipaswa kuanza na jiko lako. Mkataba wenyewe unataja kuchoma ovyo hewani na kuchoma kwenye makazi kuwa mambo ya kukomeshwa, kwa hiyo hapo hata sheria haitusubirishi. Kila mwalo uwe na ritoti, kile chombo kilichofungwa chenye bomba: mvuke unapoozwa, zebaki inarudi kuwa kimiminika na inatumika tena. Mchimbaji ananunua kidogo zaidi, na mapafu yanapona.

Ila tarehe siiachi. Bila tarehe, ritoti itakuwa kisingizio cha kuitumia zebaki miaka mingine thelathini.

Mchimbaji, Geita

Ritoti nakubali, hata kesho. Mama, pole sana.

Lakini kijana wa jiolojia kagusa kidonda. Mimi nasagiwa kwa mwenye karasha, na malipo yake ni marudio yangu. Sina pa kuyapeleka, namwachia. Kama nusu ya dhahabu yangu inalala humo, basi wapo watu wanaoipenda zebaki kuliko mimi, na hawajawahi kuishika kwa mkono. Tarehe hiyo ikifika, marudio yatakuwa ya nani?