Dunia bapa: kabla ya kuwacheka, waulizeni kuhusu nyota ya Jaa

Wakuu, mjadala huu kwangu ulianzia kwenye pilau ya Idi. Shemeji yangu, fundi simu, mtu mwenye akili zake timamu, aliweka kijiko chini akasema: "Dunia ni bapa. Ingekuwa tufe, maji ya bahari si yangemwagika?" Wadogo zangu walicheka hadi mmoja akapaliwa. Na mimi nilicheka. Tukamharibu. Toka siku ile, ukimtumia picha iliyopigwa kutoka angani anajibu neno moja: "Kompyuta."

Hoja ya maji ni nyepesi: "chini" ni kuelekea kitovu cha dunia, kwa hiyo bahari ya Dar na ya Toronto zote zimekaa chini. Ila mwambie hivyo aliyekwisha kukasirika, ataona unamzungusha. Mimi naona aliyekataa mashahidi wote tumwachie shahidi mmoja asiyeweza kumkataa, macho yake mwenyewe.

Kuna nyota wazee wa pwani waliiita Jaa, yaani Nyota ya Kaskazini. Manahodha waliposhuka kutoka Oman na kaskazi walikuwa wakiipima kwa vidole, mkono umenyooshwa, vidole vimelazwa juu ya upeo wa bahari. Ukiwa Muscat, nyota hiyo iko juu ya upeo kama nyuzi 23, ngumi mbili na kitu (ngumi moja ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10). Kadiri jahazi linavyoshuka kusini nayo inashuka, kama nyuzi moja kila kilomita 111. Ukifika Unguja haipo kabisa, hata usiku usio na wingu.

Sasa iweke juu ya sahani, yaani dunia bapa. Taa iliyotundikwa katikati ya uwanja, ukirudi nyuma itaonekana inashuka, lakini hata ukifika ukingoni bado iko juu ya ardhi. Haizami.

Shemeji akasema, "Macho yana kikomo, bwana. Iko mbali tu." Sawa. Basi mbona Jaa ikishuka, Msalaba wa Kusini, kundi la nyota za kusini, unapanda upande wa pili? Na mtu wa Cape Town, wa Perth na wa Buenos Aires, wote wakiutafuta wanageukia kusini. Kwenye ramani ya dunia bapa, Ncha ya Kaskazini iko katikati na kusini ni ukingo mzima, kwa hiyo watu hao watatu wanatazama pande tofauti kabisa. Wanaonaje nyota zilezile? Hapo alinyamaza. Sisemi alikubali.

Wapo waliokwenda kujionea. Desemba 2024 mchungaji mmoja wa Colorado, Will Duffy, aliwapeleka Antaktika watu wa pande zote mbili. Jua lilizunguka saa 24 bila kutua, jambo ambalo ramani ya sahani hailiruhusu. Jeran Campanella, aliyehubiri ubapa kwa miaka kwenye YouTube, alikiri kwamba kuhusu jua hilo alikosea. Wenzake wengine wakasema ni studio. Hao sina dawa yao.

Na tafadhali, dini isiwe ngao. Ibn Hazm na Ibn Taymiyya, wanazuoni wa Kiislamu wa zamani, hawakuwa watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, na wote waliandika kwamba dunia ni tufe. Mwanazuoni Al-Biruni aliupima ukubwa wake akiwa juu ya mlima, miaka elfu moja iliyopita. Wakristo nao wakileta "pembe nne za dunia" za Ufunuo, waulizwe kama wanaona pembe kwenye ile sahani yao ya duara.

Shemeji ana kaka yake Muscat. Juzi alimwomba picha, ikaja: tangi la maji, waya za umeme, na kitone cheupe juu ya paa la jirani. "Ndiyo hii?" Nikamwambia kaka apime ngumi. Tunasubiri.

Walio Nanyuki, mpo kwenye ikweta yenyewe na Jaa inagusa upeo wenu. Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuiona, au ukungu na milima vinaizuia?