Viatu vya kuingilia baharini kuvua kwa fimbo Tanga: soli ipi inastahimili matumbawe, tope na chumvi?

MshipiMrefu

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa viatu. Uvuvi wangu ni wa fimbo kutoka ufukweni: unaingia majini hadi magotini, wakati mwingine mapajani, unarusha chambo nje ya mwamba na kusubiri kolekole au changu. Maeneo ni Raskazone, Mwambani na Kigombe, na kusini ya Pangani kule Ushongo. Chini kunabadilika kila baada ya hatua chache: mchanga, mara jiwe la matumbawe, na ukikatiza kwenye mikoko ni tope la kuzamisha kifundo.

Madukani na kwenye mitumba kuna aina nne: mabuti ya mvua, buti za kuvulia za mitumba zenye soli ya feltu (kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa), viatu vya neoprini (mpira laini wa povu) vya kupiga mbizi vyenye zipu pembeni, na raba za turubai. Nahitaji kitu cha kudumu angalau misimu miwili ya kaskazi. Feltu au mpira? Kamba au zipu? Na saizi nichukue ipi?

Bamvua

Mkuu, usianze na kiatu, anza na unapokanyaga. Kwa maeneo uliyotaja, jiwe la matumbawe ndilo litakaloamua, kwa sababu mchanga na tope havikati soli. Jiwe linakata.

Feltu iache. Ilitengenezwa kwa mito ya maji baridi yenye mawe laini yaliyofunikwa na ute wa kijani. Nyuzi zake zinapenya ule ute na kushika jiwe. Mwamba wa pwani yetu una mikwaruzo yake tayari, kwa hiyo shida si utelezi peke yake, ni ncha. Ncha zinachambua feltu kuanzia kwenye vidole, mchanga unajaa katikati ya nyuzi, soli inakuwa nzito na haikauki hata ukiianika kutwa nzima. Unyevu huo wa chumvi unakaa juu ya gundi, ndiyo maana feltu huachia kwa mbele kabla haijaisha. Tena inasafirisha mwani na viumbe vidogo vya majini kutoka maji haya kwenda mengine. New Zealand walipiga marufuku kuvulia na soli za feltu tangu 2008 kwa sababu hiyo.

Chukua mpira, lakini mpira nao si mmoja. Bonyeza soli kwa ukucha. Alama ikiingia kirahisi na kubaki, huo ni laini mno: utashika vizuri sana na kuliwa na mwamba mapema. Ukucha usipoingia kabisa, ni mgumu, na kwenye jiwe lenye majani mabichi utateleza. Unatafuta wa katikati, ukucha unaingia kidogo na alama inapotea. Meno yawe na kina cha milimita 4 hadi 5 na nafasi pana kati yake, vinginevyo tope la mikoko linaziba na unabaki na soli bapa.

Sasa unene, hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Shika kiatu kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kikunje. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati ya wayo kama kitambaa, hakina ubao wa ndani, na kila ncha ya jiwe utaihisi mguuni. Kwa mwamba wa Kigombe, soli ya nje na ya ndani zikiunganishwa zisipungue milimita 10 chini ya vidole. Wale viumbe wa duara wa baharini wenye miiba mirefu myeusi wanapenya soli nyembamba ya neoprini, na mwiba wao unavunjikia mwilini.

Kwa hiyo katika aina zako nne, vile vya neoprini ni vya mchanga wa Ushongo tu. Raba za turubai ni bora kuliko watu wanavyodhani, ila zifike juu ya kifundo.

FundiNgamiani

Naongezea upande wa ufundi, maana Bamvua kasema soli lakini buti nyingi za baharini hazifi kwa soli kuisha. Zinafia kwenye gundi, uzi na chuma.

Kwanza, buti za mitumba. Angalia ile tabaka ya katikati, kati ya soli ya mpira na ngozi ya juu. Ikiwa ya PU (povu la polyurethane), unyevu wa hewa huwa unaivunja taratibu hata kiatu kikiwa hakijavaliwa, na joto la pwani linaharakisha. Ndiyo maana unaona buti inang'aa, umeivaa mara moja soli inabaki kwenye tope. Bonyeza pembeni ya tabaka hiyo kwa dole gumba kwa nguvu zote. Ikinata, ikimeguka makombo, au ukikunja ukaona nyufa nyembamba, iache hata wakikupa kwa bei ya kutupa. Vingi vina lebo ndani ya ulimi yenye tarehe ya kutengenezwa. PU iliyopita miaka mitano usiipeleke majini. EVA, povu la aina nyingine, haina ugonjwa huo, yenyewe inabonyea tu na kuwa nyembamba.

Pili, matundu ya kamba. Nenda na sumaku ndogo. Ikishika kwenye pete za matundu, ndani ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya shaba, kutu itaanza mapema na itakula kitambaa kinachozunguka. Shaba halisi haishikwi na sumaku. Bora zaidi ni vitanzi vya utepe wa nailoni, havina chuma chochote.

Tatu, uzi. Vuta kipande kinachoning'inia ukichome kwa kiberiti. Ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu ni nailoni au poliesta, sawa. Ukiungua na kubaki jivu lenye harufu ya karatasi, ni pamba, utaoza.

Ukishanunua, usisubiri soli iachie. Mpelekee fundi aishone pembezoni kuzunguka yote, na umsimamie haya:

Aoshe kwanza na kuloweka kwa maji yasiyo na chumvi nusu saa, kisha kikauke kivulini siku mbili. Gundi juu ya chumvi haishiki. Kama kuna sehemu imeanza kufunguka, aifungue yote, akwangue gundi ya zamani na apige msasa mkavu pande zote mbili mpaka pasiwe na sehemu inayong'aa. Apake gundi tabaka la kwanza, asubiri kama dakika 15, apake la pili, asubiri tena mpaka mgongo wa kidole ukigusa usinate. Hapo ndipo abandike na kugonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda pembeni, ili hewa itoke. Mafundi wengi wanabandika ikiwa bado mbichi kwa sababu ya haraka, na hilo ndilo linalorudisha kiatu dukani.

Baada ya saa 24, ashone. Kabla ya kupitisha uzi achonge mfereji wa kina cha milimita 2 kwenye soli, kuzunguka, na matundu ya msharasi yapite ndani ya mfereji huo kwa umbali wa milimita 7 au 8. Uzi wa nailoni uliopakwa nta unazama humo. Bila mfereji uzi unabaki nje na matumbawe yanaukata kama wembe. Utaona mshono mzuri dukani na nyuzi zinapepea wiki inayofuata.

Kolekole_K

Mabuti ya mvua yana watetezi wengi humu, kwa hiyo nilieleze vizuri. Si kweli kwamba yakijaa maji yanakuzamisha kama jiwe. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuvuta. Shida ni nyingine. Huwezi kupiga miguu, na ukitaka kupanda jiwe unanyanyua lita kadhaa kila hatua. Kwenye tope mguu unatoka, buti linabaki. Na mchanga ukiingia hautoki, unakaa kwenye kisigino na kukwangua ngozi. Kwa kusimama mtoni maji ya chini ya goti, sawa. Kwa mawimbi ya kusi, hapana.

Kiatu cha baharini kiruhusu maji yatoke. Tafuta matundu mawili au matatu kila upande karibu na soli, yamefunikwa kwa wavu mgumu. Yakiwa wazi na makubwa, mchanga unaingia zaidi ya maji yanayotoka. Raba isiyo na matundu fundi anaweza kuitoboa kwa bomba la moto la milimita 4, kitambaa kisifumuke.

Na kifundo. Chukua kinachopanda sentimita 5 hivi juu ya mfupa wa kifundo, kifungwe kwa kamba. Hapo si kwa ajili ya mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, nataka ieleweke: hakuna kiatu cha kitambaa cha kutegemea dhidi ya taa mkubwa. Dhidi ya taa dawa ni mwendo. Kwenye mchanga na maji ya vumbi buruza nyayo, usinyanyue, taa akihisi mtikisiko anaondoka mwenyewe. Kwenye mwamba buruza haiwezekani, lakini huko hatari ni yule samaki anayefanana na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni, na hapo ndipo soli nene inapokusaidia.

Akikuchoma yeye, taa au ngogo: toka majini, weka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzijoto 45, dakika 30 hadi 90. Joto linadhoofisha sumu. Mtu mwingine, au mguu wako mzima, upime maji kwanza, kwa sababu mguu wenye maumivu hauhisi kuungua. Usifunge kamba juu ya jeraha. Kisha nenda hospitali ya Bombo, kwa sababu kipande cha mwiba hubaki ndani mara nyingi.

MshipiMrefu

Nashukuru sana wakuu. Mawili yamebaki. Zipu je, hata ikiwa ya plastiki? Na kuna jamaa anashauri soli ya tairi, kama ya katambuga, juu ya raba ya turubai ndefu. Inafaa?

Bamvua

Zipu hapana. Meno ya plastiki yenyewe hayana tatizo, kinachokufa ni kile kichwa cha kuvuta, kwa kawaida ni chuma, na mchanga ukiingia pale unakwama ukiwa bado majini. Kama tayari unacho, sugua mshumaa kwenye meno baada ya kuosha. Usipake mafuta ya mgando kwenye kiatu cha mpira, yanaulainisha mpira wa asili na kuufanya uvimbe.

Saizi: maji yetu ni ya joto, huhitaji suruali za mpira za wazungu, soksi ya neoprini ya milimita 2 inatosha, na hiyo ni kwa ajili ya mchanga na malengelenge. Pima jioni, ukiwa umevaa soksi yenyewe, mbele ya vidole ibaki sentimita moja. Mara nyingi inaangukia saizi moja zaidi. Ikizidi hapo mguu unacheza ndani, na kwenye tope kiatu kinavuka.

FundiNgamiani

Tairi inafaa, na kwa matumbawe sijaona mpira wa kiwandani unaoishinda kwa kudumu. Lakini chagua tairi. Za magari ya sasa zina nyuzi za chuma chini ya meno. Ukizikata ncha za nyuzi zinabaki pembeni, chumvi inaingia, zinapata kutu na kuanza kuchoma, kwanza mshono kisha mguu. Tumia tairi ya pikipiki, nyingi ni za nailoni tupu. Hakikisha kwa sumaku ile ile: ikishika, weka pembeni.

Kipande cha katikati ya tairi ndicho, si cha ubavuni. Kinyooshwe juani chini ya uzito siku moja, kwa sababu kina mviringo na ukikibandika hivyo hivyo kitavuta kuachia mbele na nyuma. Meno yakiwa yamelika kabisa, fundi achonge mifereji ya kukingama, milimita 4, umbali wa sentimita moja na nusu. Soli ya zamani isitolewe, ipigwe msasa na tairi ipande juu yake, ndipo unapata ule unene aliousema Bamvua. Kitakuwa kizito kidogo. Halafu mshono wa mfereji, kama nilivyoeleza.

Ukitoka baharini, toa kamba na soli ya ndani, loweka ndoo ya maji baridi dakika 15, mwaga, rudia mara moja. Chumvi ikikaukia ndani inakuwa fuwele na zinasaga uzi kila unapokanyaga. Anika kivulini kimeinama, kisigino juu. Jua la saa saba linamaliza gundi haraka kuliko bahari.

Kolekole_K

Uzito huo wa tairi uuhesabie kwenye muda. Siku za bamvua (karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji yanakupwa kabisa saa nne hadi saa tano asubuhi, na yakigeuka yanapanda zaidi ya mita tatu ndani ya saa sita. Kati ya mwamba na ufukwe kuna mikondo inayojaa kabla mwamba wenyewe haujafunikwa, kwa hiyo geuka mapema kuliko ulivyozoea na raba nyepesi. Na pitia kwenye mchanga na jiwe lililokufa. Soli ya tairi inavunja matumbawe hai bila wewe kuhisi, na changu unaowafuata wanakaa humo.

MshipiMrefu

Sawa. Raba ndefu ya turubai, vitanzi vya nailoni, tairi ya pikipiki, mshono wa mfereji. Jumamosi naenda Ngamiani na sumaku na kiberiti mfukoni.